Duka la Ami, Jina la Shemeji: Hukumu ya Kuazima Jina katika Biashara ya Ugenini



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, baada ya darsa ya Alhamisi dada mmoja kutoka Burundi alinisimamisha mlangoni pa msikiti, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa natafuta viatu. Anauza mitandio na abaya kwa wanafunzi wenzake. Biashara imemkubali, na sasa ameona kibanda nje ya geti la chuo. Pasi yake ni ya masomo, si ya biashara. Rafiki yake, mwenyeji wa hapa Uganda, amekubali kibanda, leseni na laini ya kupokelea pesa viandikwe kwa jina lake, naye alipwe shilingi 50,000 kila mwezi. Dada akasema: "Kaka, yeye ameridhia na mimi nimeridhia. Tatizo la kisheria liko wapi?"

Nilimwomba anipe wiki moja. La kusema nilikuwa nalo, tena mengi mno, kwa sababu kwetu Mombasa jambo hilohilo limeshatupotezea duka zima.

Yaliyompata ami

Ami yangu alioa Tanga. Mwaka 2014 alifungua huko duka la vitenge na kanga. Mtaji ulikuwa wake wote: aliuza kiwanja chake na kuongeza alichokuwa amejiwekea kwa miaka mingi. Yeye ni Mkenya, na njia ya vibali aliiona ndefu na ya gharama, basi shemeji yake, ndugu wa mkewe, akajitolea jina. Leseni ikatoka kwa jina la shemeji. Namba ya mlipakodi ikawa ya shemeji. Hata mkataba wa pango na akaunti ya benki. Ami ndiye aliyefungua duka asubuhi na kulifunga jioni, ndiye aliyejua kitenge gani kinakwenda na kipi kitalala, na kila mwezi akimpa shemeji "chochote". Hawakuandikiana kitu. Ami alikuwa akisema: "Nitaandikishana vipi na ndugu wa mke wangu? Ataona simwamini."

Mwaka 2021 shemeji akafariki, Allah amrehemu. Aliacha mke, mama mzazi na watoto wa kiume na wa kike, wengine wadogo. Baba yake alishatangulia.

Mirathi ikafunguliwa, msimamizi akateuliwa, na duka likaorodheshwa kuwa mali ya marehemu. Kwa nini lisiorodheshwe? Kila karatasi ilisema ni lake. Bidhaa zilithaminiwa kuwa za shilingi milioni 48 za Tanzania. Mwanafunzi yeyote wa ilmul faraidh anaweza kupiga hesabu hii kwa kidole: mke ana thumni, milioni 6, mama ana sudusi, milioni 8, milioni 34 zilizobaki ni za watoto, wa kiume apate fungu la wawili wa kike. Dada wa marehemu, ambaye ndiye mke wa ami, amezuiliwa na watoto wa kiume, hana kitu. Hesabu sahihi kabisa, juu ya mali ambayo haikuwa ya marehemu.

Ami alipeleka daftari lake la manunuzi. Akaulizwa: limeandikwa na nani? Na yeye mwenyewe. Basi si ushahidi wa kumtosha, kwani mtu haandiki kwa mkono wake kisha mwandiko wake ukawa hoja juu ya wengine. Kijana aliyekuwa akimsaidia dukani alikwishahama, hakupatikana. Mama wa marehemu alikiri wazi kwamba duka ni la mkwewe, Allah amlipe kheri. Lakini ikrari ya mrithi mmoja inamfunga yeye katika fungu lake tu, haiwafungi warithi wengine. Mjane hakukiri wala hakukanusha. Alisema hajui, na huenda kweli hakujua, maana wanaume wawili walipatana barazani na hawakumweleza.

Hapo ndipo sheria ilipomkaba ami. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu wangepewa kwa madai yao matupu, wangedai damu na mali za wengine, mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Na ami, katika duka lake mwenyewe, ndiye aliyekuwa mdai.

Kilichomtesa zaidi hakikuwa mahakama. Funguo za ghala alikuwa nazo. Angeweza kwenda usiku, akapakia bidhaa zake na kuvuka Horohoro kabla ya alfajiri, na wapo waliomshauri hivyo. Alikaa siku tatu akiwaza. Mwishowe alisema: "Kwa Allah najua ni zangu. Lakini watoto wale watakua wakiambiwa ami aliiba mali ya baba yao, na mali ya yatima Qur'an imeiita moto tumboni." Akazirudisha funguo. Wazee wakasimamia sulhu, akapewa theluthi ya bidhaa, akarudi Mombasa. Duka lenyewe halikumaliza mwaka, kwa sababu hakuna mrithi aliyeijua biashara ile.

Jina lina hukumu gani katika fiqhi?

Turudi kwa swali la dada. Ni kweli kwamba kuridhiana ni sharti la biashara, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa ndiyo asili yake. Lakini aya hiyohiyo inaanza kwa kukataza kuliana mali kwa batili. Kuridhiana hakuigeuzi batili kuwa halali, la sivyo riba nayo ingehalalika, maana mkopaji huwa ameridhia. Kwa hiyo tunauliza: ile shilingi 50,000 ni malipo ya kitu gani?

Je, ni faida ya ushirika? Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, Imam Nawawi katika Minhaj ametaja aina nne za ushirika, akasema tatu ni batili na moja tu ni sahihi: sharikatul inaan, ambapo kila mshirika ametoa mali, mali zikachanganywa, na faida na hasara zikafuata kiasi cha mtaji wa kila mmoja. Miongoni mwa zile batili ni sharikatul wujuuh, ushirika unaosimama juu ya heshima na majina ya watu pasi na mali. Mahanafi na Mahanbali wanaikubali wujuuh, lakini kwao pia washirika wananunua bidhaa kwa mkopo na kubeba dhamana yake. Rafiki wa dada hakutoa mtaji, hanunui, hauzi, wala hakukubali kubeba hasara. Kwa madhehebu yoyote, huyo si mshirika.

Je, ni ujira? Ujira hulipwa kwa kazi au manufaa. Angekuwa anakwenda kulipa ushuru, anapokea mizigo, anakaa kibandani saa mbili kwa siku, tungesema ni ijara au wakala wa malipo, na ujira wake ni halali. Lakini kukaa hosteli huku jina lako likifanya kazi, hiyo si kazi.

Kinachobaki ni kwamba analipwa kwa sababu amejiweka mbele ya serikali kama mdhamini. Na jamhuri ya wanazuoni wamekataza kuchukua malipo kwa udhamini wenyewe, kwa kuwa udhamini ni wema, kama ulivyo mkopo, na mwenye kulipisha mkopo ameingia kwenye riba.

Kuna suala lingine ambalo wengi hawalijui, nami nilikutana nalo muhula uliopita tuliposoma buyuu. Mafaqihi wana kitu wanachokiita bay'ut-talji'a: watu wawili wanadhihirisha mauzo mbele za watu ilhali kwa siri wamekubaliana kwamba hakuna mauzo, labda wakimkimbia dhalimu asichukue mali. Mahanbali wanasema mauzo hayo ni batili, kwani nia ya kweli haikuwepo. Shafi anasema ni sahihi, kwa sababu hukumu inafuata kilichodhihirishwa. Sisemi duka la ami ni talji'a neno kwa neno. Lakini mwenye kuazima jina katika miji yetu ajue kwamba madhehebu anayoyafuata katika Swala na mirathi yanaelekea upande wa karatasi iliyo wazi, si upande wa maneno ya barazani.

Na mauti yakija? Wakala, ushirika na mudharaba zote ni mikataba inayovunjika kwa kifo cha mmoja wao. Tangu roho ya shemeji ilipotoka, ami hakuwa na mkataba wowote, hata ule wa mdomo. Mbele ya Allah mtaji wake ulikuwa amana, na amana haiingii katika tarika. Inatolewa kwanza, kabla ya deni, wasia na mafungu. Lakini anayeitoa ni msimamizi wa mirathi, na huyo anahitaji kuonyeshwa kitu.

"Ardhi ni ya Allah, mipaka ni ya wakoloni"

Hili hatukosi kuambiwa. Na mimi sina haraka ya kulipuuza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Qur'an imetuhimiza kutawanyika katika ardhi kutafuta fadhila za Allah, na katika Suratul Muzzammil wasafiri wa biashara wametajwa pamoja na wapiganao katika njia ya Allah. Uislamu wa pwani yetu wenyewe uliletwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wageni waliokuja na majahazi, wakaoa, wakafungua maduka.

Mfano bora kwangu ni Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alifika Madina mikono mitupu, akaunganishwa udugu na Sa'd bin Rabi', tajiri wa Kiansari, aliyemwahidi nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqa', akaanza na jibini kavu na samli, na haukupita muda mrefu akawa na dhahabu ya kutoa mahari. Mgeni yule alipewa nafasi ya kukaa chini ya kivuli cha mwenyeji, akachagua kusimama sokoni kwa jina lake mwenyewe.

Lakini soko lina mwenyewe, na mwenye soko ana haki ya kuweka masharti. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ikiwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake mna biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hoteli au utalii, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo wa madini, udalali, na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni atakayekiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa kibali cha kuishi. Na raia atakayemsaidia mgeni kukiuka naye ana adhabu yake: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Shemeji yangu yule, lau angekuwa hai leo na duka lipo, angekuwa ndani ya kifungu hicho.

Mimi Mkenya sikuipenda amri hii. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake mna haki ya raia wa nchi mwanachama kujiajiri na kuanzisha biashara katika nchi nyingine ya Jumuiya. Wakenya walilalamika, na nadhani wana haki ya kulalamika.

Hata hivyo kulilalamikia sharti na kulidanganyia ni mambo mawili. Mafaqihi waliosema juu ya Muislamu anayeingia nchi kwa amani ya wenyeji wake walimwajibisha kutimiza masharti ya amani hiyo, hata wenyeji wakiwa si Waislamu. Visa na pasi zetu ndizo amani za zama hizi. Ukitia saini kwamba umekuja kusoma, umeahidi, na aya ya kwanza ya Suratul Maidah inaamrisha kutimiza ahadi. Mtume (S.A.W.) naye amesema, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Tena kuwekea soko mipaka si jambo geni kwetu. Mtume (S.A.W.) alikataza watu wa mjini kuwatokea njiani wenye misafara ili wanunue bidhaa kabla hazijafika sokoni, kwa kuwa muuzaji hajajua bei. Nilipoliona katazo la kununua mazao shambani katika amri ile, nilikumbuka hadithi hii moja kwa moja. Hazilingani, kwa sababu hadithi haitofautishi raia na mgeni, lakini shabaha ya kumlinda mkulima asiyejua bei ya mjini imekaribiana. Na Umar bin Khattab (R.A.) aliweka ushuru kwa wafanyabiashara waliotoka nje ya dola, kwa kiasi walichotozwa Waislamu katika nchi zao.

Kwa ndugu wanaotazamia kwenda Ghuba baada ya kuhitimu, jambo hili huko lina jina kabisa: tasattur, kujisitiri nyuma ya mwenyeji. Sheria ya Saudia ya mwaka 2020 imeliwekea kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi riyali milioni 5. Imarati, kwa miaka mingi, nje ya maeneo huru, mwenyeji alitakiwa ashike asilimia 51 ya kampuni, na wageni wakalipa watu ada ya mwaka ili wakae kwenye karatasi tu. Tangu mabadiliko ya sheria ya makampuni yaliyoanza kutumika mwaka 2021, mgeni anaweza kumiliki asilimia 100 katika shughuli nyingi, na Oman imefungua mlango kama huo tangu mwaka 2020. Kwa hiyo anayekushauri leo utafute "kafili wa jina" Dubai anaweza kuwa anakupa ushauri wa zama za baba yake.

Nilichomjibu dada

Nilimwambia kwamba mpango ule, kama ulivyo, sioni njia ya kuuhalalisha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza la maana: "Sasa mtaji wangu niufanye nini?"

Kama rafiki yake kweli anataka kufanya biashara, wafunge mudharaba. Dada atoe mtaji, rafiki awe ndiye mfanyabiashara hasa: leseni ni yake kwa haki, maamuzi ya kila siku ni yake, kibandani anakaa yeye. Faida igawanywe kwa sehemu inayojulikana, nusu kwa nusu au vyovyote watakavyopatana, wala si kiasi maalumu cha pesa kila mwezi, maana hicho kinaibatilisha. Ikitokea hasara bila uzembe, inaangukia mtaji wa dada, na rafiki amepoteza jasho lake. Hivyo ndivyo, kwa maana yake, Bibi Khadija (R.A.) alivyomkabidhi Mtume (S.A.W.) mali kwenda nayo Sham kabla ya utume. Nilimtahadharisha pia asiuite mtaji huo "mkopo" kisha akadai faida juu yake. Hapo atakuwa ametoka kwenye shimo moja na kuingia jingine. Na kabla ya kutoa hata shilingi moja aende kwenye ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, aulize pasi yake inamruhusu nini, apewe jibu kwa maandishi.

Halafu waandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, haikuzungumzia Swala wala Hija. Imezungumzia deni, mwandishi na mashahidi, na imetuonya tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Waandike mtaji ni kiasi gani, faida inagawanywa vipi, na mmoja akifa warithi wake warudishiwe nini na nani. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo watu wanayoionea haya. Dada aliniuliza kama rafiki yake hatachukia. Nikamwambia amweleze kisa cha ami.

Ami mwenyewe hajaacha Tanga. Siku hizi anaagiza vitenge Mombasa na kumuuzia kwa deni la miezi mitatu mfanyabiashara mmoja wa kule, raia, mwenye duka lake na leseni yake. Mzigo unalipiwa ushuru mpakani kama mizigo mingine. Faida imepungua, na jirani zake wa zamani wa sokoni wanamtania kwamba amekuwa mtu wa makaratasi. Likizo iliyopita nilifuatana naye kupeleka mzigo. Kabla robota halijafunguliwa, alitoa mkataba wa kurasa mbili, akausoma kwa sauti mbele ya mke wa mwenye duka na mwanawe mkubwa, akawauliza kama wameelewa. Mwana ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Wa pili nilikuwa mimi.

Wallahu a'lam.